Je, Wajua? Kombe la Dunia Liliwaingiza Wabrazil Mitaani

Je, wajua kwamba Brazil, nchi inayopenda soka kupindukia, iliandamana dhidi ya maandalizi ya Kombe la Dunia?

• Juni 2013, nauli ya basi jijini São Paulo ilipanda kwa senti 20 tu. Maandamano yalizuka, yakasambaa nchi nzima, na mamia ya maelfu ya watu wakaingia mitaani. Walidai hospitali na shule zenye hadhi ileile ya viwanja vilivyokuwa vikijengwa kwa mabilioni. Nauli ikarudishwa ilipokuwa.

• Viwanja 12 vilitumika katika Kombe hilo la mwaka 2014. Kimoja kilijengwa Manaus, katikati ya msitu wa Amazon, kikiwa na nafasi za watu zaidi ya 40,000. Kilichezewa mechi nne tu za Kombe la Dunia, na mji huo haukuwa na timu ya ligi kuu ya kukijaza baadaye.

• Julai 8, 2014, Ujerumani iliifunga Brazil 7-1 katika mashindano hayo. Hata hivyo, Oktoba mwaka huohuo Rais Dilma Rousseff alichaguliwa tena, japo kwa kura chache za ziada. Bao halipigi kura.

Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika 2027. Tushangilie, lakini kwa kila kiwanja tuulize: kimegharimu kiasi gani, na nani atakitumia mashindano yakiisha?