Stesheni ya rock iliyoanzia chini ya nyumba ya mtu

Kama unadhani redio huanza na ghorofa mjini, tajiri na mabango barabarani, ngoja nikupe hii.

Februari 1961, huko Crestwood, kitongoji cha St. Louis, Marekani, jamaa anayeitwa Ed Ceries aliwasha mitambo kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Stesheni ikaitwa KSHE, 94.7 FM. Toa K, zinabaki herufi za neno la Kiingereza la "yeye" wa kike, na kweli watangazaji walikuwa akina dada. Muziki ulikuwa ule wa Mozart na wenzake. Shida ni kwamba enzi hizo watu walisikiliza AM. Magari mengi hata hayakuwa na FM. Sasa matangazo utamuuzia nani?

1964 akauza. Wenyeji wapya wakaihamishia kijumba kando ya ile barabara maarufu, Route 66, karibu na sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari. Mwishoni mwa 1967 Ron Elz akaigeuza kuwa ya rock.

Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. AM zilikuwa zinapiga ngoma zilezile za dakika tatu mpaka uchoke. KSHE ilikuwa inaweza kukuwekea upande mzima wa santuri bila kukatiza. Na kwa sababu FM haikuwa na pesa nyingi, hakuna bosi aliyejisumbua kuwachunga.

Nembo yao ni nguruwe aliyevaa miwani ya jua na hedfoni, jina lake Sweetmeat. Walimtoa kwenye jalada la albamu ya 1969 ya bendi ya Uingereza, Blodwyn Pig. Sijui nani mwingine angekubali nguruwe awe sura ya biashara yake, lakini alishika.

Sasa wewe unayerekodi chumbani, sikiza hii. Head East, bendi ya Illinois, walijitolea albamu yao wenyewe, Flat as a Pancake, bila lebo kubwa. KSHE wakaipiga. Muda si muda A&M wakawasaini, na 1975 albamu ikatoka upya. REO Speedwagon nao walipata masikio hapo mapema. Mtangazaji alikuwa anachagua kwa sikio lake. Leo apu inakuchagulia kwa kuangalia ulichosikiza jana, na bendi ya mtaani kwenu hukuisikiza jana.

Nairobi tulikuwa na X FM 105.5, redio ya rock. Ilizimwa. Mashabiki wake wapo bado, wamerudi kwa simu zao.

KSHE haikuzimwa. Hata haikuamua kuwa redio ya rock ya zamani. Nyimbo ndizo zilizeeka ikiwa inazipiga. Imepita mikono ya Emmis, na tangu 2018 iko kwa Hubbard. Bado ni 94.7, bado ni nguruwe. Inapatikana mtandaoni ukiwa na bando: kiangazi chao, ukiwa kwa matatu saa kumi na mbili asubuhi, kule ni saa nne usiku wa jana.