Kompyuta na Uchanganuzi wa Rangi katika Michoro: Mfano wa Michoro ya Rothko

1.0 Utangulizi

Mizizi ya vivumishi halisi vya rangi katika Kiswahili ni mitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyinginezo hutajwa kwa kurejelea vitu, kama vile majani, kahawa au damu ya mzee. Jina moja, kwa hiyo, hukusanya rangi nyingi zinazokaribiana. Mchanganuzi wa michoro huhitaji kipimo makini zaidi. Makala hii inaeleza kipimo kitolewacho na kompyuta pamoja na mpaka wake.

2.0 Rangi kama Tarakimu

Kompyuta huigawa taswira ya mchoro katika nukta ndogondogo. Katika mfumo uliopitishwa na Tume ya Kimataifa ya Mwanga mwaka 1976, kila nukta hupewa thamani tatu: kiasi cha mng'ao, nafasi yake kati ya wekundu na ukijani, na nafasi yake kati ya umanjano na ubuluu. Umbali baina ya nukta mbili hukadiria tofauti ionwayo na jicho.

3.0 Michoro ya Harvard

Mwaka 1964 michoro mitano ya Mark Rothko ilitundikwa katika ukumbi wa kulia chakula wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Wekundu wake ulitokana na Lithol Red, rangi isiyostahimili mwanga. Jua la madirishani liliichujusha, na kufikia mwaka 1979 michoro yote ilikuwa imeondolewa. Kwa kuwa Rothko hakuipaka vanishi, rangi yoyote ambayo ingeongezwa isingeweza kuondolewa tena bila madhara.

Badala yake, fotografia za 1964, ambazo nazo zilikuwa zimefifia, zilisahihishwa kwa kompyuta. Mchoro wa sita, ambao haukutundikwa, ulitumika kama kielelezo. Kompyuta ilikokotoa tofauti kati ya rangi ya awali na iliyobaki, nukta kwa nukta. Na katika maonyesho ya 2014 hadi 2015, projekta ilimulika tofauti hiyo juu ya michoro.

4.0 Hitimisho

Saa 10 alasiri projekta ilizimwa, na watazamaji wakaona michoro ilivyochujuka. Wekundu waliouona awali ulikuwa wa mwanga, si wa mkono wa msanii peke yake. Kompyuta, basi, hupima kilichopotea. Kuamua ni hali ipi iitwe mchoro wa Rothko kunabaki kuwa kazi ya wahakiki.