Mkeka Nao Una Habari: Jinsi ya Kuandikia Gazeti la Ubunifu

Huo mkeka unaotandika kila siku, hivi umewahi kujiuliza ni nani aliyepanga rangi zake? Kwa nini mstari mwekundu umekaa pembeni, siyo katikati? Maswali ya namna hiyo yana magazeti yake. Yapo magazeti yanayoshughulikia ubunifu tu, yaani jinsi vitu vinavyopangwa, vinavyochorwa na kupakwa rangi ili vifae kwa kazi na vipendeze macho. Humo huelezwa habari za viti, nyumba, nguo, vibao vya maduka, hata kasha la kiberiti. Moja linaitwa Domus. Lilianzishwa Milan, Italia, mwaka 1928 na Gio Ponti, msanifu wa majumba. Jingine ni African Arts, lililoanza mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Hilo huandika juu ya sanaa za Afrika.

Wengi hudhani kuandikia magazeti ya ubunifu ni kazi ya maprofesa peke yao. Kweli, maprofesa huandika sana. Lakini wapo wahariri wanaomtafuta mtu anayekaa karibu na kitu chenyewe, anayejua ukindu unakatwa wapi na nani anashona vizuri. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Sasa utauliza, tujisumbue kwa faida gani? Nitajibu hivi. Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya kuna vinyago na vigoda vingi kutoka kwetu. Mara nyingi chini yake pameandikwa jina la kabila, pengine na jina la mtu aliyekipeleka kitu hicho huko. Jina la mchongaji halipo. Hakuna aliyemwuliza wakati yu hai, basi likapotea. Mtazameni Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, akatumia rangi za baiskeli juu ya hadibodi, akafariki mwaka 1972. Miaka michache tu! Lakini jina lake lilishikwa, hata leo michoro ya namna ile huitwa Tingatinga popote inapouzwa. Mafundi wengi hawakupata bahati hiyo.

Habari siyo jina la kitu

Usianze kwa kuandika makala nzima na kuituma. Anza na barua fupi ya pendekezo. Mhariri hupokea barua nyingi, na barua inayosema tu "nataka kuandika juu ya mikeka ya kwetu" ataiweka kando. Mikeka ni jina la kitu, bado siyo habari. Habari ina swali ndani yake, na mtu akilisikia atataka kujua jibu. Tazama barua hii ya mfano:

"Ndugu Mhariri,
Napendekeza kuandika makala ya maneno 900 juu ya washonaji mikeka wa kijiji chetu. Zamani walitia ukindu rangi za mizizi na magome. Siku hizi wengi wanatumia rangi ya unga ya dukani. Mistari imeongezeka na rangi zimekuwa kali, kwa kuwa wanunuzi wa mjini wanazitaka hivyo. Je, ni nani sasa anayeamua sura ya mkeka, mshonaji au mnunuzi? Nitafuata mkeka mmoja, tangu ukindu unapokatwa mpaka mkeka unapouzwa. Washonaji watatu wamekubali kuhojiwa, mmoja wao ni mama yangu. Picha nane ziko tayari. Naweza kumaliza kwa majuma manne."

Barua imekwisha. Haina sifa za kujivuna wala salamu ndefu. Inasema swali ni lipi, wahusika ni akina nani, picha zipo au hazipo, na kazi itakwisha lini. Tena mwandishi hakuficha kwamba mshonaji mmoja ni mama yake. Ukiuficha undugu halafu ukajulikana baadaye, mhariri hatakuamini tena.

Kabla ya kutuma, tafuta nakala mbili tatu za gazeti hilo uzisome. Kama linaandika juu ya majengo tu, usilipelekee mkeka. Barua moja mpelekee mhariri mmoja kwanza, ungoje jibu. Kama baada ya majuma kadhaa amenyamaza, mkumbushe kwa adabu mara moja, kisha jaribu kwingine. Kukataliwa ni jambo la kawaida katika kazi hii, usikasirike.

Kutazama na kuuliza

Mhariri akikubali, ndipo kazi inapoanza. Kumbuka kwamba msomaji wako huenda hajawahi kuuona mkeka. Neno "mzuri" halimwambii kitu. Chukua futi, pima urefu na upana. Hesabu kili zilizoshonwa pamoja. Taja rangi zinavyofuatana toka ukingoni hadi katikati.

Tuchukue kanga, kwani kila mtu anaijua. Mwandishi mvivu atasema ni nguo ya rangi nyingi. Aliyetazama atasema kanga huuzwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Kila kipande kina pindo kuzunguka pande zote nne, kina mji katikati, na chini ya mji, karibu na pindo, yamo maneno. Hapo hata mtu wa mbali anaweza kuichora karatasini. Tena ataeleza kwamba kanga za zamani zilikuwa na maneno kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja herufi hizi tunazosoma sisi. Msomaji ataona jinsi maandishi yenyewe yalivyo sehemu ya pambo.

Upo pia usemi wa wazee wa pwani kwamba kanga ilianza pale wanawake waliposhona leso sita zikawa nguo moja. Ukiuandika, tanguliza neno "inasimuliwa", maana wewe hukuwapo.

Katika kuuliza, usimwendee bibi na swali la "Mkeka huu una maana gani?" Atakutazama tu. Msalimie, kaa chini, msaidie kuchana ukindu, halafu uliza vitu vya mkononi. "Bibi, ukili huu ulianzia wapi? Rangi hii ungeiweka pembeni ingekuwaje?" Pengine atakujibu, "Aa, mjukuu wangu, hiyo ingeumeza mkeka wote." Jibu hilo ni ubunifu mtupu, na halimo kitabuni. Liandike kama alivyolisema.

Jambo moja ni gumu, nalo nalisema wazi. Fundi anaweza kukuonyesha mzizi anaouchemsha kupata rangi asiyoijua mwingine. Hiyo ni riziki yake. Ukiutangaza mzizi huo gazetini, mwenye mtaji atautumia naye fundi asipate hata senti. Muulize kabla ya kuandika: hili nilitaje au niliache? Akisema liache, liache, hata kama makala itapungua utamu. Muulize pia kama jina lake na picha yake vitolewe. Picha piga asubuhi au jioni, jua likiwa si kali, moja ya kitu kizima, moja ya karibu, na moja ya mikono ikifanya kazi. Chini ya kila picha andika jina la fundi, mahali na mwaka.

Fedha nazo ziulize mapema, kwa maandishi. Watalipa kiasi gani, lini, na je, wakitaka kuzitumia picha mara ya pili watalipa tena? Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, makala na picha kwa kawaida ni mali ya aliyezitunga, ila kama amekubali kuwapa wengine. Basi soma karatasi kabla ya kutia sahihi. Kama gazeti ni la Kiingereza, mwulize mhariri kama atapokea Kiswahili na kutafuta mfasiri, naye mfasiri atajwe jina.

Likishatoka, omba nakala mbili, moja yako na moja ya fundi. Mpelekee kwake umsomee polepole kwa Kiswahili. Kama kuna kosa, andika barua kwa mhariri siku hiyo hiyo ili lisahihishwe katika toleo linalofuata.