Pakiti 50 za Kigali si pakiti 50 za Kamembe

Tuchukue duka la mtandaoni linalouza kahawa ya Mibirizi. Duka ni la mfano, na mauzo yake nimeyapanga ili hesabu ionekane wazi. Barabara, msimu wa mavuno na bei ya matunda ni vya kweli. Linakaanga na kufungasha Kamembe, mjini Rusizi, Rwanda, na lina stoo tatu za kutolea mizigo. Ya Kigali inauza wastani wa pakiti 24 za gramu 250 kwa siku. Ya Huye inauza 6, na ya Kamembe kwenyewe 6. Pakiti inauzwa faranga 5,000, imemgharimu mwenye duka 3,500, na faida ni 1,500.

Programu ya duka humtumia ujumbe kwenye simu bidhaa ikipungua. Amejaza namba moja kwa stoo zote tatu: pakiti 50. Ndivyo wengi wanavyofanya, kwa sababu programu yenyewe huomba namba moja na hamsini inaonekana ya busara.

Sasa tuhesabu siku. Tangu Kigali ipige kelele hadi mzigo ufike zinapita siku 5: kukaanga, kuacha kahawa itoe hewa, kufungasha, kupakia kwenye basi, kupokea. Katika siku 5 Kigali inauza pakiti 120. Tahadhari ikilia zikiwa zimebaki 50, zinaisha siku ya pili au mwanzoni mwa ya tatu, na wateja wa pakiti 70 wanakuta pameandikwa "imeisha". Mara 1,500, hiyo ni faranga 105,000 za faida zilizopotea katika mzunguko mmoja, na mwezi una mizunguko kadhaa.

Huye mambo ni kinyume. Pakiti 50 pale ni mauzo ya siku 8 na zaidi, wakati mzigo unafika kwa siku 5 zilezile. Ujumbe unakuja mapema kidogo, hakuna hasara kubwa. Kamembe, ambako kiwanda kiko mtaa wa pili na mzigo unachukua siku 2, pakiti 50 ni uzembe mtupu: siku 2 zinahitaji pakiti 12. Kahawa iliyokaangwa inalala rafuni ikipoteza harufu, na kwa anayetaka kahawa ya bei hii harufu ndiyo bidhaa yenyewe.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya hesabu ni mauzo ya siku mara siku za kungojea. Sehemu ya pili ni akiba ya kuyumba, maana hakuna stoo inayouza 24 kila siku. Kuna siku 15 na kuna siku 35. Wataalamu wa takwimu hupima kuyumba huko kwa namba moja, mkengeuko sanifu, ambayo jedwali lolote la kompyuta linaitoa ukiliwekea mauzo ya miezi miwili. Tuseme Kigali ni 8, Huye 4 na Kamembe 4. Ukitaka bidhaa isikuishie katika mizunguko 95 kati ya 100, zidisha namba hiyo kwa 1.65, kisha kwa kipeuo cha pili cha siku za kungojea. Kigali inapata akiba ya pakiti 30, Huye 15, Kamembe 10. Ukijumlisha, tahadhari ya Kigali inapaswa kulia kwenye pakiti 150, ya Huye kwenye 45, na ya Kamembe kwenye 22.

Mwenye duka ataona 150 ni fedha nyingi kulala. Lakini kinacholala ni zile 30 za akiba tu. Zile 120 zinauzwa wakati basi liko njiani. Pakiti 30 mara 3,500 ni faranga 105,000, sawasawa na faida aliyoipoteza katika mzunguko mmoja wa rafu tupu. Akiba hiyo inajilipa mara ya kwanza inapomwokoa.

Barabara nayo ina neno lake. Kutoka Rusizi hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 200, na njia iliyozoeleka inapita katikati ya msitu wa Nyungwe kuelekea Huye. Njia nyingine inafuata Ziwa Kivu kupitia Nyamasheke na Karongi. Masika yakikolea, udongo wa milima hii unaporomoka. Mwanzoni mwa Mei 2023 mafuriko na maporomoko, hasa katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, yaliua watu zaidi ya 130 na kukata barabara. Karongi ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumizwa vibaya. Hakuna anayepanga biashara kwa kutegemea msiba wa namna ile, lakini siku 2 za kuchelewa katika miezi ya mvua ni jambo la kutarajiwa. Kwa Kigali, siku 2 ni pakiti 48. Basi kuanzia Machi hadi Mei tahadhari ipandishwe hadi 198, tuseme 200, na Juni irudishwe 150. Kamembe haiguswi na hesabu hiyo kabisa, kwa kuwa kahawa yake haipandi basi.

Kamembe ina balaa lake jingine: mpaka. Sehemu ya wateja wake wanavuka daraja la Ruzizi kutoka Bukavu, upande wa Kongo. Mpaka ulifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, na Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Nyakati kama hizo wastani wa miezi miwili iliyopita hauna maana tena, na ni bora kuukokotoa upya kwa mauzo ya siku 14 za karibuni kuliko kuiachia programu iendelee kuamini soko ambalo halipo.

Kuna kosa jingine linalokula fedha kimyakimya, nalo ni kupima kilichomo rafuni badala ya kilichopo kweli. Stoo ya Kigali ina pakiti 160. Programu inaona 160, inalinganisha na 150, inanyamaza. Lakini pakiti 40 kati ya hizo zimekwisha kulipiwa kwa simu na zinasubiri pikipiki. Zilizobaki za kuuza ni 120, na tahadhari ilipaswa kulia jana. Upande wa pili, kama kuna pakiti 100 ndani ya basi linaloshuka kutoka Nyungwe, hesabu sahihi ni 120 jumlisha 100, yaani 220, na hapo hakuna haja ya kuagiza. Usipohesabu zilizo njiani, ujumbe utalia kila asubuhi kwa siku 5 mfululizo, na mfanyakazi mwenye bidii ataagiza mara mbili.

Kelele nazo zina gharama. Duka likiwa na aina 12 za pakiti, kwa stoo tatu ni mistari 36 ya kufuatilia. Ujumbe utumwe mara moja tu, namba inapovuka kwenda chini, kisha unyamaze hadi mzigo upokelewe. Na kabla ya kukiamsha kiwanda cha Kamembe, programu ionyeshe hali ya stoo jirani. Tuseme Kigali imebaki na pakiti 40, hazifiki siku 2, na Huye ina 60, ambazo ni siku 10. Kutoka Huye hadi Kigali ni kilomita 130 hivi, safari ya nusu siku. Pakiti 30 zikihamishwa, Huye inabaki na siku 5, na Kigali inapata siku moja na robo, yaani faida ya faranga 45,000 ambayo ingepotea. Nauli ya kifurushi kwenye basi haifiki hapo.

Hapa ndipo swali la stoo ngapi linapoingia. Stoo zikiunganishwa, siku mbaya ya moja inafidiwa na siku nzuri ya nyingine, na akiba inayohitajika inakua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya stoo, si kwa idadi yenyewe. Stoo nne zinazofanana, kila moja ikiwa na akiba ya 30, zinashika 120. Zikiwa moja zinahitaji 60. Rwanda imeliona hilo kwa bidhaa nzito kuliko kahawa. Damu ya hospitali ilipoanza kuwekwa Muhanga na kurushwa kwa droni za Zipline, kila hospitali haikuhitaji tena kujaza friji yake kwa hofu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Global Health uliangalia maagizo 12,733 ya vituo 20 vya afya, kuanzia Machi 2017 hadi Desemba 2019. Droni ilifika kwa wastani wa dakika 49.6, na damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 baada ya miezi 12.

Kwa duka letu faida hiyo ni ndogo, na nasema hivyo kwa sababu washauri hupenda kuikuza. Kuiunganisha Huye na Kigali kunashusha akiba kutoka pakiti 45 hadi 33. Pakiti 12 ni faranga 42,000. Sababu ya kuifunga Huye itakuwa kodi ya chumba na mshahara, na sababu ya kuiacha wazi ni kwamba mteja wa Huye anapata mzigo siku hiyohiyo. Kuunganisha kunalipa zaidi pale bidhaa inapoharibika upesi au inapokuwa ghali sana, kama damu.

Tahadhari iliyo nzito kuliko zote haimo katika programu ya duka, kwa sababu haihusu pakiti. Inahusu magunia. Mibirizi ni misheni iliyoanzishwa na Wamisionari wa Afrika mwaka 1903, na mibuni ya kwanza ya Rwanda ilipandwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mbegu zilizotoka Guatemala. Hadi leo kuna aina ya mbuni inayoitwa Mibirizi. Jina likishaandikwa kwenye pakiti, huwezi kuziba pengo kwa kahawa ya Huye au ya Nyamasheke bila kumdanganya mteja. Na mbuni unazaa mara moja kwa mwaka: matunda mekundu huchumwa kuanzia Machi hadi karibu Julai, huoshwa, hukaushwa na kukobolewa. Siku za kungojea hapa ni miezi.

Pakiti 36 kwa siku ni kilo 9 zilizokaangwa. Kukaanga kunapunguza uzito kwa asilimia 16 hivi, kwa hiyo jiko linameza kilo 10.7 za punje mbichi kila siku, na kwa mwaka ni magunia 65 ya kilo 60. Kilo moja ya punje inatokana na kilo 6 hadi 7 za matunda, basi duka hili dogo linahitaji tani 25 za matunda. NAEB, bodi inayosimamia mazao ya kuuza nje, iliweka bei ya chini ya mkulima kuwa faranga 480 kwa kilo mwaka 2024, kisha 600 mwaka 2025. Tani 25 zilitoka milioni 12 hadi milioni 15. Nyongeza hiyo ni haki ya mkulima, na fedha zote zinatakiwa mkononi ndani ya miezi michache ya mavuno.

Kahawa mpya ikitarajiwa kuwa tayari mwanzoni mwa Agosti, kuanzia Januari mosi zimebaki siku 212. Mara kilo 10.7, yanahitajika magunia 38. Tuseme stoo ina 33. Upungufu ni kilo 300, sawa na siku 28, yaani karibu Julai nzima bila kahawa. Akiliona hilo Januari, mwenye duka anaweza kushusha mauzo hadi pakiti 31 kwa siku, labda kwa kuwapunguzia wanunuzi wa jumla, na kahawa itafika Agosti. Akiliona Juni, wanunuzi wa jumla wamekwisha kuchukua zao, na kinachobaki cha kufanya ni kuwarudishia fedha wale waliolipia.