Majani ya Bandia na Maji ya Kando ya Njia

Siku hizi katika maduka ya mjini yauzwa majani ya bandia, yaani majani ya plastiki yaliyofumwa mfano wa zulia. Baadhi ya wanachama wametuuliza iwapo yafaa kutandikwa kando ya njia ya gari, pale ambapo mvua za masika huchimba ukingo. Swali hili ni la maana. Ukingo ukiliwa na maji, njia hukatika. Na njia ikikatika, gari la kuchukua magunia ya karafuu haliingii. Tena maji yaliyokosa pa kupita huingia kwenye sakafu ya kuanikia, au husimama mizizini mwa mikarafuu, na mkarafuu hauvumilii kusimama majini.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: majani ya bandia ni kifuniko, si mtaro. Yakiwekwa juu ya kazi iliyofanywa vyema husaidia. Yakiwekwa juu ya udongo mtupu huficha ubovu tu.

Yafaa kujua asili yake. Majani haya yalipata sifa mwaka 1966 katika uwanja wa Astrodome, mjini Houston, Marekani. Uwanja ule uliezekwa paa, na ulipofunguliwa mwaka 1965 ulikuwa na majani ya kweli. Jua lililopita paani likawatia wachezaji kiwi, paa likapakwa rangi, na majani yakafa kwa kukosa nuru. Ndipo yakatandikwa ya bandia. Basi kazi yake ya kwanza ilikuwa ndani ya nyumba isiyonyewa na mvua. Ya leo hutobolewa matundu upande wa chini ili maji yapite, lakini tundu halina faida ikiwa chini yake hapana pa kwenda.

Sasa na tuhesabu maji yenyewe. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Njia ya saruji yenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 3 ni mita 120 za mraba. Ikinyesha milimita 50, njia hiyo humwaga lita 6,000, yaani madumu 300 ya lita 20. Saruji hainywi maji, kwa hiyo karibu yote hukimbilia ukingoni. Yakifika huko huchota udongo chini ya saruji, na saruji ikiachwa wazi chini, gurudumu la kwanza huivunja. Ukitandika majani ya bandia juu ya udongo huo, maji hupita kati ya zulia na ardhi na kuendelea kuchota yasionekane. Zaidi ya hayo, plastiki ya majani hayo kwa kawaida ni nyepesi kuliko maji; zulia lisilofungwa barabara huinuka.

Kazi ianze kwa mtaro. Chimba mtaro kufuata ukingo, upana sentimita 30 na kina sentimita 40, ukiteremka angalau sentimita 1 kwa kila mita moja. Tandika kitambaa cha kuchujia ili udongo usiingie, kisha jaza kokoto safi zilizooshwa, zisizo na vumbi. Mtaro wa mita 40 namna hiyo una nafasi ya mita za ujazo 4.8, lakini kokoto huchukua kiasi cha thuluthi mbili, na maji hubakiwa na lita 1,600 tu. Linganisha na zile lita 6,000. Ndiyo sababu mtaro lazima uwe na mdomo wa kutokea, kwenye bonde au shimo la kunywea maji. Mdomo huo usielekee shamba la jirani wala sakafu ya kuanikia. Maji hufuata mkondo, na mwenye kuuchagua mkondo ni wewe uliyechimba.

Mtaro ukiisha, funika kokoto kwa kitambaa, kisha majani ya bandia juu yake. Angalia jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau: uso wa majani uwe chini ya saruji kwa sentimita 1 au 2. Yakiwa juu yake huwa ukuta mdogo, na maji hurudi njiani. Njia nayo iinamie upande wa mtaro, sentimita 2 kwa kila mita ya upana wake.

Pwani ina taabu zake. Upepo wa chumvi hula misumari ya chuma, basi tumia ile isiyoshika kutu. Mchanga upeperukao huziba matundu. Fagia kila mwezi, na kabla ya masika fungua mdomo wa mtaro. Mchanga wa ufukweni usichotwe kwa kazi hii: ufuko huliwa, na chumvi yake huharibu chuma kilichomo katika saruji. Jua nalo huyachosha majani hayo mpaka nyuzi zikakatika, na mvua huzipeleka baharini. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliweka kanuni ya kuzuia kuuzwa kwa punje za mpira zinazomwagwa katika viwanja vya majani ya bandia, ukatoa muda wa miaka 8, kwa sababu ya vipande vidogo kama hivyo.

Hapa twatoa onyo kwa wanachama wote: karafuu zisianikwe juu ya majani ya bandia hata kidogo, ijapokuwa yaonekana safi. Juani huwa moto sana, hupita nyuzi 60 za Selsiasi, na vipande vyake hujichanganya na karafuu wala havitoki kwa kupepeta. Jamvi na sakafu iliyofagiwa vingali bora.

Mwisho, pale ambapo ukoka waweza kuota, panda ukoka. Mizizi yake hushika udongo, jambo ambalo plastiki haiwezi, na gharama yake ni jasho tu. Majani ya bandia yawekwe pembamba pale tu ambapo kivuli kizito, chumvi au magurudumu hayauachi ukoka kuishi. Na kabla ya kutoa fedha yo yote, mvua kubwa ikinyesha, toka nje na vijiti, uchomeke kimoja kila mahali maji yapitapo. Mvua ikikatika, vijiti hivyo vitakuonyesha mtaro uchimbwe wapi.