Kabla ya Kuangusha Mti Thika na Ruiru

Mkulima wa Ruiru aliyepanda migrevilea kati ya kahawa yake huihesabu kuwa akiba. Karo ya shule ikimbana, humtafuta mwenye msumeno. Miti ni yake, wala hapana amwitaye mwizi. Lakini njia ya kutoka shambani mpaka sokoni hupitia ofisini.

Yampasa kwanza kumwarifu Chifu, maana Sheria ya Machifu imempa uwezo wa kuzuia miti isiharibiwe ovyo. Kisha Bwana Misitu huja, akaipima na kuihesabu. Mbao zikisafirishwa bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, lori huzuiwa njiani, na hasara hiyo yaweza kumeza faida yote. Mwaka 2018, Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, wanunuzi waligeukia mashamba ya watu, na kibali hicho kikazidi kuulizwa.

Mti wa umma ni jambo jingine. Ule ulio kando ya barabara mjini Thika si wa mwenye duka, hata kama matawi yake yamefunika bango lake. Ruhusa na aiombe kwa Serikali ya Kaunti ya Kiambu. Akataye katika msitu wa umma bila kibali, Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 yamwekea faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili.

Kandokando ya mito ya Chania na Ruiru, hata mwenye hati ya shamba na aulize kwanza, kwa kuwa kingo hizo zalindwa na sheria za maji.