Uji Huu Umeupika au Umeuchemsha?

Siku ya kwanza nilipompikia mume wangu uji wa oti, alikunywa vijiko vitatu, akalisogeza bakuli taratibu hadi katikati ya meza, akaomba chai na mkate. Sikumlaumu. Wiki ile daktari alikuwa amemweleza kwamba lehemu yake imepanda na sukari ya damu inakaribia mpaka. Apunguze sukari, ale zaidi vyakula vyenye nyuzinyuzi. Nikaenda dukani, hapa hapa Tanga, nikanunua pakiti ya oti, nikazichemsha kwa maji matupu na kumwambia hii ndiyo dawa yako. Chakula kikishaitwa dawa, mtu hukimeza huku amefumba macho.

Aliyenirudisha jikoni ni mama mkwe, alipokuja kutoka Pangani kututembelea. Alifunua sufuria, akanusa, akauliza kwa upole:

“Mwanangu, uji huu umeupika au umeuchemsha?”

“Nimeuchemsha, mama.”

“Basi leta iliki, tuupike.”

Swali lile ndilo lililonifunza ninachotaka kukueleza. Sisi watu wa pwani tunajua uji. Wa mchele tunautia tui na iliki. Wa pilipili manga tunampa mama aliyejifungua, na mwezi wa Ramadhani tunafuturu nao. Lakini nafaka ilipokuja kwenye pakiti, nilidhani lazima nayo iwe na upishi wake wa kigeni. Nilipoona haina ladha, nikakimbilia kopo la sukari. Kumbe ladha hujengwa tangu sufuria inapopanda jikoni, na ikijengwa vizuri, sukari hukosa kazi.

Kwanza chagua oti zenyewe. Wapo wanaoziita shayiri, ila shayiri ni nafaka nyingine. Punje za oti hupashwa mvuke kiwandani kisha hubanwa kwa mashine zikawa bapa. Zile nene huiva kwa takriban dakika kumi na kubaki na kitu cha kutafuna. Zile za papo kwa papo ni nyembamba zaidi, hulainika mara moja, na hupandisha sukari ya damu haraka zaidi. Pakiti zilizotiwa ladha tayari mara nyingi huwa na sukari ndani, kwa hiyo geuza pakiti usome. Mimi hununua nene, tupu, zisizo na nyongeza.

Kwa watu wawili, napima kikombe kimoja cha oti. Nazimimina kwenye sufuria kavu, moto mdogo, nazigeuza kwa mwiko dakika tatu au nne mpaka jikoni kunukie kama karanga zinazokaangwa. Usiziache ziungue, zikigeuka hudhurungi zitakuwa chungu. Naziweka pembeni. Katika sufuria ile ile natia vikombe vitatu vya maji, kijiti cha mdalasini na punje chache za pilipili manga nilizozitwanga. Yachemke dakika tano, maji yabadilike rangi. Sisi wa Tanga tumejaliwa: viungo hivi hulimwa Muheza, kwenye miteremko ya Usambara Mashariki, na hutufikia vikiwa bado na harufu yake.

Sasa oti zinarudi, pamoja na chumvi kidogo, ile inayoshikwa kwa ncha za vidole viwili. Watu wa Uskoti, ambao uji huu ni chakula chao cha miaka mingi, huutia chumvi pia. Chumvi hupunguza uchungu wa nafaka na kuufanya utamu mdogo uliopo uonekane. Punguza moto, koroga mara kwa mara. Ukianza kuwa mzito, ongeza kikombe cha maziwa. Ndizi mbivu moja ya kisukari, iliyopondwa kwa uma, huingia hapo, ikayeyuka na kuutia uji utamu. Iliki iliyosagwa ndiyo ya mwisho, moto ukiwa umezimwa, kwa sababu harufu yake hupotea upesi ikichemka sana. Funika dakika mbili.

Juu ya bakuli, nyunyiza karanga zilizotwangwa. Chagua nzima na kavu, zenye ukungu au zilizosinyaa zitupe, kwa kuwa zinaweza kuwa na sumukuvu. Msimu wa embe, kata embe. Papai hupendeza likikamuliwa ndimu. Ukipenda uchachu, kijiko cha unga wa ubuyu kinatosha. Tui nalo lina nafasi yake, lakini kwa mwenye lehemu nyingi liwe jepesi na la mara moja moja, maana mafuta ya nazi huweza kuipandisha.

Uji huu unasaidiaje? Inua kijiko uone unavyoteleza, mfano wa mlenda. Utelezi ule ni nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani. Zikifika kwenye utumbo hunasa nyongo na kutoka nayo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na kwa kazi hiyo huchukua lehemu kutoka kwenye damu. Tangu 1997, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeruhusu wauzaji wa oti kuitangaza faida hii, kwa kipimo cha gramu 3 za nyuzi hizo kwa siku. Nusu kikombe cha oti, yaani kama gramu 40, hutoa takriban nusu ya kipimo hicho. Utelezi huo huo huchelewesha sukari kuingia kwenye damu na humfanya mtu akae muda mrefu bila njaa.

Hata hivyo, oti ni wanga. Mwenye kisukari apime bakuli lake, ndizi iwe nusu, na dawa za daktari asiziache. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 kwa siku ikiwezekana, sawa na vijiko sita vya chai. Mume wangu alikuwa akimaliza vitatu kwenye uji na viwili kwenye chai kabla ya saa mbili asubuhi.

Oti zikiwa ghali, usihuzunike. Kaanga unga wa wimbi au wa mtama kwa namna hiyo hiyo, tia viungo na chumvi, utaona nao umebadilika.

Kilo ya sukari iliyokuwa ikitutosha wiki mbili sasa inamaliza mwezi. Na siku hizi mume wangu ndiye hutangulia kuamka. Nikiwa bado chumbani najua uji umefika wapi: hutangulia harufu ya oti zinazokaangwa, ukafuata mdalasini. Ikinifikia iliki, natoka kuandaa mabakuli.